Paul Ehrlich, daktari aliyeifundisha dunia kuisoma damu

Kila tunapozungumzia saratani ya matiti katika kipindi cha afya, ujumbe hauchelewi kuingia kwenye simu ya studio. Wasikilizaji wengi huuliza jambo moja: je, kuna kipimo cha damu kinachoweza kuonyesha saratani ya matiti mapema, kabla uvimbe haujashikika kwa mkono? Wengine wamesikia kwamba kipimo hicho tayari kipo Ulaya. Wengine wameambiwa na mtu wa mtaani kwamba wakitoa fedha kidogo watapimwa na kupewa majibu siku hiyo hiyo.

Jibu fupi ni kwamba kipimo hicho kinatafutwa na hatua zimepigwa, lakini bado hakijafika mahali pa kutegemewa. Jibu refu linaanza na mtu aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, daktari wa Kijerumani aliyeitwa Paul Ehrlich. Mtu huyu alisema mambo mawili makubwa kuhusu mwili wa binadamu. La kwanza lilikuja kuonekana halikuwa kweli kama watu walivyolipokea. La pili lilikaribia ukweli, ila yeye mwenyewe hakuweza kulithibitisha. Kipimo cha damu tunachoulizwa kila wiki kimesimama katikati ya mambo hayo mawili. Ndiyo maana leo tunakusimulia maisha yake.

Kijana aliyependa rangi

Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, wakati huo ukiwa chini ya utawala wa Prussia. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Strzelin. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Baba yake, Ismar, alikuwa na nyumba ya wageni na biashara ya kutengeneza pombe. Mama yake, Rosa, alitoka katika ukoo wa Weigert, na ukoo huo ndio uliomletea kijana huyu bahati yake.

Binamu yake, Karl Weigert, alikuwa daktari aliyemzidi umri kwa miaka tisa. Wakati ule viwanda vya Ujerumani vilikuwa vimeanza kutengeneza rangi za nguo kutokana na lami ya makaa ya mawe. Weigert alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuzichukua rangi hizo na kuzipaka kwenye vipande vyembamba vya nyama ya mwili, ili vionekane vizuri chini ya hadubini. Ehrlich alipoona kazi ile hakuiacha tena maisha yake yote.

Alisoma udaktari katika vyuo kadhaa: Breslau, Strassburg, Freiburg na Leipzig. Alipohitimu mwaka 1878, andiko lake la mwisho lilihusu rangi hizo hizo. Swali lililomsumbua lilikuwa rahisi kulieleza, ingawa jibu lake lilikuwa gumu. Kwa nini rangi moja inashika sehemu hii ya mwili na kuiacha ile? Ukichovya kitambaa cha pamba na cha sufu kwenye rangi moja, havishiki sawasawa. Ehrlich aliamini kwamba hata ndani ya mwili kila kitu kina mwenzake kinachoshikana naye, na kwamba kushikana huko hakutokei ovyo.

Damu yaanza kusomeka

Kutoka chuoni alikwenda Berlin, kwenye hospitali kubwa ya Charité. Hapo alipaka rangi matone ya damu na kugundua kwamba chembechembe nyeupe za damu zipo za aina mbalimbali. Baadhi zilishika rangi zenye asili ya tindikali, nyingine zilishika rangi za aina tofauti, na nyingine zilikuwa katikati.

Msikilizaji, ukienda hospitali leo ukaambiwa utoe damu ili wapime picha kamili ya damu, fundi wa maabara anahesabu aina hizo za chembechembe. Njia ya kuzitenganisha kwa rangi ilifunguliwa na Ehrlich kabla hajafikisha umri wa miaka 30.

Mwaka 1882, Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekipata kimelea kinachosababisha kifua kikuu. Ehrlich alikuwa miongoni mwa waliosikiliza. Muda mfupi baadaye alipata njia bora zaidi ya kukipaka rangi kimelea hicho ili kionekane waziwazi kwenye makohozi. Mwaka uliofuata alimwoa Hedwig Pinkus, binti wa familia ya wafanyabiashara wa nguo, na wakapata mabinti wawili.

Kisha ugonjwa ukamrudia mwenyewe. Alianza kukohoa, na kwa njia ile ile ya rangi aliyoiboresha, alikiona kimelea cha kifua kikuu kwenye makohozi yake. Mwaka 1888 alisafiri na mkewe kwenda Misri kutafuta hewa kavu na joto. Alikaa huko hadi mwaka 1889, akarudi akiwa amepata nafuu.

Mbarika, panya na maziwa ya mama

Aliporejea Ujerumani, Ehrlich alianza kuchunguza jinsi mwili unavyojikinga. Hakutumia vijidudu vya magonjwa peke yake. Alichukua sumu inayopatikana kwenye mbegu za mbarika, mmea ule ule unaotoa mafuta ya nyonyo, na sumu ya zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu huzitunga kama shanga.

Aliwapa panya sumu hiyo kwa kiasi kidogo sana, kisha akaongeza siku hadi siku. Baada ya majuma machache panya wale waliweza kuvumilia kiasi ambacho kingewaua wenzao mara moja. Damu yao ilikuwa imetengeneza kitu cha kuizuia sumu. Kitu hicho ndicho tunachokiita leo kingamwili.

Ehrlich akaenda mbele zaidi. Alionyesha kwamba panya jike mwenye kinga humpitishia mtoto wake kinga hiyo, na kwamba maziwa ni mojawapo ya njia hizo. Alijaribu kwa kubadilishana watoto: mtoto wa mama asiye na kinga akanyonyeshwa na mama mwenye kinga, naye akapata kinga. Wahudumu wa kliniki wanapowahimiza akina mama kunyonyesha kwa sababu maziwa yana kinga, sehemu ya maneno yao inatoka kwenye majaribio hayo ya miaka ya 1890.

Dawa isiyo na kipimo haikumridhisha

Wakati huo dondakoo ilikuwa inaua watoto wengi Ulaya. Emil von Behring pamoja na Mjapani Kitasato Shibasaburo walikuwa wamegundua mwaka 1890 kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyepewa kinga yanaweza kumkinga mwingine. Tatizo likawa kwamba dawa hiyo haikuwa na nguvu moja. Chupa ya leo inaokoa mtoto, chupa ya kesho haifanyi kitu, na daktari hana namna ya kujua tofauti.

Ehrlich ndiye aliyeileta mizani. Alitengeneza majimaji ya mfano, akayakausha na kuyahifadhi vizuri, kisha kila dawa mpya ikapimwa kwa kulinganishwa na ule mfano. Kuanzia hapo daktari aliweza kusema mtoto huyu apewe kiasi fulani, na kiasi hicho kikawa na maana ile ile Berlin na penginepo. Sehemu kubwa ya sifa na faida ilikwenda kwa Behring, jambo ambalo lilimuuma Ehrlich kwa miaka mingi. Hata hivyo kazi ya vipimo ilimpatia taasisi yake mwenyewe, kwanza Steglitz karibu na Berlin mwaka 1896, kisha Frankfurt mwaka 1899.

Likumbuke vizuri jambo hili la mizani, kwa sababu tutalirudia tutakapofika kwenye kipimo cha damu.

Ufunguo na kufuli

Mwaka 1897 Ehrlich alieleza jinsi anavyodhani kingamwili zinatokea. Alisema seli za mwili zina vishikizo juu yake. Sumu ikija, inaingia kwenye kishikizo kinacholingana nayo kama ufunguo kwenye kufuli. Seli ikishambuliwa hivyo hutengeneza vishikizo vingi vya namna ile ile, hadi vingine vinamwagika na kuelea kwenye damu. Hivyo vinavyoelea ndivyo kingamwili.

Leo tunajua kwamba kazi hiyo haifanywi na kila seli. Inafanywa na aina maalumu ya chembechembe nyeupe za damu. Lakini wazo kuu limebaki: kila kingamwili ina umbo lake, na inashika kitu kimoja kinacholingana nayo. Bila wazo hilo kusingekuwa na vipimo vya damu vya virusi vya UKIMWI, vya homa ya ini wala vya magonjwa mengine mengi.

Mbuzi wa Frankfurt

Sasa tunafika kwenye lile jambo la kwanza kubwa. Akiwa na msaidizi wake Julius Morgenroth, Ehrlich alichukua damu ya mbuzi na kuwachoma mbuzi wengine. Mbuzi waliochomwa walitengeneza kingamwili zenye kuvunja damu ya mbuzi wenzao. Lakini kila walipojaribu, hakuna mbuzi hata mmoja aliyetengeneza kingamwili za kuvunja damu yake mwenyewe.

Mwaka 1901 Ehrlich alilipa jambo hilo jina la Kilatini lenye maana ya hofu ya mwili kujitia sumu. Alieleza kwamba mwili lazima uwe na namna ya kujizuia usijishambulie. Waliomsoma baadaye wakalichukua kama sheria isiyovunjwa, kwamba mwili hauwezi kutengeneza kingamwili dhidi yake wenyewe.

Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa walikuwa karibu na ukweli kuliko maprofesa. Mwaka 1904 tu, madaktari wawili wa Vienna, Julius Donath na Karl Landsteiner, walionyesha wagonjwa ambao damu yao huvunjwa na kingamwili zao wenyewe wanapopigwa na baridi. Bado jina la Ehrlich lilikuwa zito, na kwa karibu nusu karne wengi hawakutaka kuamini. Ni katika miaka ya 1950, hasa baada ya kugunduliwa mwaka 1956 kwamba kuna wagonjwa wenye kingamwili dhidi ya tezi zao za shingo, ndipo jambo hili lilipokubalika kwa upana.

Panya wenye uvimbe wa titi

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1900, Ehrlich alipewa fedha za kuchunguza saratani. Alikusanya panya waliopata uvimbe wenyewe, na mara nyingi uvimbe huo ulikuwa wa tezi za maziwa, yaani saratani ya matiti ya panya. Alichukua kipande cha uvimbe kutoka kwa panya mmoja na kukipandikiza kwa mwingine, na kwa mwingine tena, hadi uvimbe ukawa mkali na kumshika karibu kila panya. Uvimbe huo unaitwa kwa jina lake hadi leo, na bado unatumika katika maabara sehemu mbalimbali duniani.

Katika kazi hiyo aliona jambo la kushangaza. Panya aliyepandikizwa uvimbe dhaifu na kupona, mara nyingi alikataa uvimbe mkali alipopandikizwa baadaye. Ehrlich akahisi kwamba mwili unaitambua saratani na kupigana nayo. Baadaye ilieleweka kwamba panya wake hawakuwa wa ukoo mmoja, kwa hiyo miili yao huenda ilikuwa inakataa nyama ya mgeni, si saratani yenyewe. Ushahidi wake ulikuwa na pengo.

Lakini wazo lenyewe aliliandika mwaka 1909, na hili ndilo jambo lake la pili kubwa. Alisema seli zilizopotoka huenda zinazaliwa mwilini mara nyingi katika maisha ya mtu, ila mwili unazimaliza kimyakimya. Kama usingekuwa ulinzi huo, saratani ingekuwa ya kawaida mno. Hakuwa na vifaa vya kulithibitisha. Liliachwa hadi miaka ya 1950, wanasayansi wengine walipoliokota tena.

Dawa ya 606

Mwaka 1908 Ehrlich alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Mrusi Ilya Mechnikov kwa kazi zao za kinga. Lakini wengi wanamkumbuka kwa dawa.

Alitafuta kemikali itakayoshika kimelea cha ugonjwa na kumwacha mgonjwa salama. Alianza na vimelea vya jamii ya vile vinavyoleta malale. Hapa hadithi yake inagusa nchi zetu. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch aliwatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, kwa dawa yenye aseniki iitwayo atoksili. Baadhi ya wagonjwa walipofuka. Ehrlich na wenzake walichunguza muundo wa dawa hiyo, kisha wakaanza kuibadilisha kidogo kidogo wakitafuta iliyo salama zaidi.

Kemikali waliyoipa namba 606 ndiyo iliyofanikiwa, ila dhidi ya kaswende. Mwaka 1909 Mjapani Sahachiro Hata alionyesha katika maabara hiyo kwamba inaponya sungura. Kabla ya kuuzwa, Ehrlich alisambaza bure dozi zipatazo 65,000 kwa madaktari ili wampe taarifa. Dawa ilianza kuuzwa mwaka 1910 kwa jina la Salvarsan. Iliwasaidia wengi, lakini ilikuwa ngumu kutumia na wapo walioumia na waliokufa. Ehrlich alishambuliwa magazetini, na mwaka 1914 alifika mahakamani Frankfurt kutoa ushahidi katika kesi ya mmoja wa waliomtuhumu. Mshtakiwa alifungwa, lakini Ehrlich mwenyewe alikuwa ameshachoka.

Kifo, na jina lililofutwa

Aliishi kwa kuvuta sigara kubwa, zipatazo 25 kwa siku, na kwa kusahau kula. Mwishoni mwa mwaka 1914 alipata kiharusi. Tarehe 20 Agosti 1915 alifariki katika mji wa Bad Homburg, akiwa na umri wa miaka 61. Alizikwa Frankfurt kwenye makaburi ya Wayahudi.

Wanazi walipotawala Ujerumani, walitaka kumfuta kwa kuwa alikuwa Myahudi. Jina lake liliondolewa kwenye mtaa wa Frankfurt. Mjane wake Hedwig alilazimika kuikimbia nchi, akapita Uswisi na kumalizia maisha Marekani. Baada ya vita jina lilirudishwa. Taasisi ya Ujerumani inayosimamia ubora wa chanjo inaitwa kwa jina lake, na sura yake ilichapwa kwenye noti ya Marki 200 kabla nchi hiyo haijahamia Yuro.

Kingamwili katika damu ya wagonjwa wa saratani ya matiti

Mwaka 1982, watafiti wa Uingereza walipima damu ya wanawake wenye saratani ya matiti. Walikuta kwamba takribani 9 katika kila 100 walikuwa na kingamwili dhidi ya protini ya miili yao wenyewe iitwayo p53. Kazi ya protini hiyo ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Katika saratani nyingi protini hiyo huharibika na kurundikana, na mwili unaanza kuiona kama mgeni.

Hapo mambo mawili ya Ehrlich yalikutana. Mwili kweli unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya kitu chake wenyewe, kinyume na ile sheria ya mbuzi. Na unafanya hivyo kwa sababu umegundua seli zilizopotoka, kama alivyodhani mwaka 1909.

Tangu hapo protini nyingine zimeongezwa kwenye orodha, kama HER2 na MUC1. Faida inayotafutwa ni hii: uvimbe mdogo hutoa protini chache mno ambazo ni vigumu kuzipata kwenye damu. Lakini kinga ya mwili ikishaziona, hutengeneza kingamwili kwa wingi, na kingamwili hukaa kwenye damu kwa muda. Ni kama kelele za majirani. Huenda usimwone mwizi, lakini ukisikia watu wanapiga yowe unajua kuna jambo.

Upimaji wenyewe ungemfurahisha Ehrlich. Protini za saratani hubandikwa kwenye kisahani chenye vishimo vidogo. Tone la majimaji ya damu huwekwa juu yake. Kama kingamwili zipo, zinashika kwa ule utaratibu wa ufunguo na kufuli. Kisha huwekwa kemikali inayotoa rangi, na rangi inapokolea, kingamwili ni nyingi. Ni rangi tena, kama siku zile za Strehlen na Breslau.

Mizani inasema nini

Turudi kwenye mizani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walitoa matokeo ya kipimo cha namna hii. Walichukua damu ya wanawake 90 wenye saratani ya matiti na ya 90 wasio nayo. Walipotumia protini tisa kwa pamoja, kipimo kiliwatambua 37 katika kila 100 ya wenye saratani. Kwa wasio na saratani, kilisema kweli kwa 79 katika kila 100.

Tuzifanyie hesabu ya kijijini. Chukua mfano wa wanawake 1,000, na tuseme watano kati yao wana saratani bila kujua. Kipimo kingewaona kama wawili, na watatu wangerudi nyumbani wakiambiwa wako salama. Kati ya wale 995 wazima, zaidi ya 200 wangeambiwa wana dalili ya saratani ambayo hawana. Wangeuza mbuzi na mahindi kufuatilia vipimo vya mjini, na kukosa usingizi bure.

Watafiti wenyewe walisema wazi kwamba ilikuwa hatua ya mwanzo na kwamba majaribio makubwa zaidi yanahitajika. Hawakudanganya mtu. Wanaodanganya ni wale wanaochukua habari kama hiyo na kuiuza mtaani kana kwamba kazi imekwisha.

Wala si kwamba njia hii haina matumaini. Kwa saratani ya mapafu, jaribio la Scotland lililohusisha watu zaidi ya 12,000 walio katika hatari lilitumia kipimo cha kingamwili saba, na waliokutwa nazo wakapigwa picha za kifua. Katika miaka miwili, waliogundulika ugonjwa ukiwa umeshasambaa walikuwa wachache kwenye kundi lililopimwa. Matiti nayo yanaweza kufika hapo, lakini hayajafika.

Kwa sasa, tumbo la jibu ni mikono yako na kituo cha afya

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika na saratani ya matiti duniani, na watu 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Saratani ikigunduliwa mapema, nafasi ya kupona ni kubwa zaidi. Tatizo letu vijijini ni kuchelewa, na mara nyingi tunachelewa tukiwa tumeshaiona dalili.

Dalili zenyewe ni hizi: uvimbe kwenye titi au kwapani, hata kama hauumi, ngozi ya titi kubonyea au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani wakati haikuwa hivyo, damu au majimaji kutoka kwenye chuchu, titi moja kubadilika umbo, au kidonda kisichopona. Wanaume nao hupata saratani hii, ingawa ni wachache.

Mama, dada, ukiona mojawapo ya dalili hizi, usisubiri kipimo cha damu na usimalize miezi kwenye dawa za kuchua. Nenda zahanati au kituo cha afya, uombe kupewa rufaa. Hospitali itatumia ultrasaundi au eksirei ya matiti, kisha itachukua kipande kidogo cha uvimbe na kukichunguza kwenye hadubini. Kwenye hadubini hiyo, kipande hicho hupakwa rangi ili seli zionekane, kwa njia iliyoanzishwa na watu wa zama za Weigert na Ehrlich. Hicho ndicho kipimo kinachothibitisha. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, kwa hiyo huenda ukarudi nyumbani na habari njema.

Na wewe baba, mkeo au mama yako akikuambia amehisi kitu, nauli ya kwenda hospitali isiwe ya kusubiri mavuno. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Akitokea mtu na chupa, sindano na ahadi ya kukuonyesha saratani ya matiti kwa tone la damu, mwulize swali ambalo Ehrlich angemwuliza: kimepimwa kwa watu wangapi, kiliwaona wangapi, na kiliwakosa wangapi? Kama hana jibu, funga mkoba wako uende kituo cha afya.